Sindano za Kutuliza Wagonjwa: Huduma Zimesogea Karibu, Usalama Wake Usibaki Nyuma

Oktoba 2021 Serikali ilizindua Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, wenye thamani ya Shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Katika sekta ya afya, sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye ujenzi wa majengo ya huduma za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. Hospitali za ngazi ya halmashauri ambazo zamani zilikuwa zikiwaandikia rufaa wagonjwa wa aina hiyo sasa zina mahali pa kuwapokea.

Majengo hayo yamekuja na jambo moja lisiloonekana kwenye picha za uzinduzi. Mgonjwa aliyeunganishwa na mashine ya kupumulia huhitaji dawa ya kumtuliza ili asishindane na mpira uliopitishwa kooni mwake. Majeruhi wa bodaboda aliyeteguka bega hutulizwa kabla ya kiungo kurudishwa mahali pake. Mtoto mwenye degedege lisilokoma hupigwa sindano ileile ambayo mtu mzima hupewa kabla ya kuingiziwa kamera tumboni. Kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanyika zaidi ndani ya chumba cha upasuaji, mbele ya mtaalamu wa dawa za usingizi, imeanza kufanyika pia kwenye wodi na vyumba vya dharura, na huko anayeshika bomba la sindano mara nyingi ni muuguzi.

Dawa zinazohusika ni chache na nyingi zimezoeleka. Diazepam na midazolam hupunguza hofu, hukata degedege na humtia mgonjwa usingizi. Ketamine huondoa maumivu na fahamu kwa muda mfupi, na ndiyo tegemeo la upasuaji katika hospitali nyingi za Afrika. Haloperidol na promethazine hutumika kumtuliza mgonjwa wa akili aliyefikia hatua ya kujidhuru au kudhuru wengine. Propofol, yenye rangi ya maziwa, hutumika zaidi kwa wataalamu wa usingizi na kwa wagonjwa mahututi. Kinachozitofautisha na sindano nyingine za wodini ni wembamba wa mpaka uliopo kati ya dozi inayotuliza na dozi inayozima pumzi. Muuguzi akikosea kidogo kipimo cha dawa ya kuua vijidudu, huwa anao muda wa kurekebisha. Akikosea midazolam kwa mzee wa miaka 70, muda alionao ni dakika chache.

Historia ya midazolam yenyewe inalithibitisha hilo. Dawa hiyo iliidhinishwa nchini Marekani Desemba 1985 na ikapokelewa vizuri kwa sababu haikuwa ikiunguza mshipa kama diazepam. Ndani ya miaka michache mamlaka za nchi hiyo zilikuwa zimepokea taarifa za makumi ya vifo vya wagonjwa walioacha kupumua, wengi wao wakiwa nje ya vyumba vya upasuaji, wakifanyiwa vipimo vya kawaida bila mtu maalumu wa kufuatilia pumzi zao. Madaktari na wauguzi walikuwa wakiipima kwa mazoea ya diazepam, ilhali miligramu kwa miligramu midazolam ni kali zaidi. Dozi zilizoelekezwa zilipunguzwa, onyo zito likaongezwa kwenye maelezo ya dawa, na ukatengenezwa ujazo mwepesi zaidi wenye miligramu 1 kwa kila mililita.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na hesabu hii ina uzito kuliko hatua nyingine yoyote ya maandalizi. Midazolam hupatikana katika ampuli za mkolezo tofauti, yaani wingi wa dawa ndani ya kila mililita haulingani. Ipo ampuli ya miligramu 5 ndani ya mililita 5, na ipo ya miligramu 15 ndani ya mililita 3. Daktari akiandika miligramu 2, muuguzi mwenye ampuli ya kwanza atavuta mililita 2. Mwenye ampuli ya pili anatakiwa kuvuta mililita 0.4 tu. Muuguzi aliyezoea ampuli ya kwanza, akakuta usiku huo kabati lina ya pili, akavuta mililita 2 kwa mazoea ya mkono, atakuwa amebeba miligramu 10, mara tano ya alichoandikiwa mgonjwa. Bomba la sindano litaonekana vilevile, na kioevu ni kilekile kisicho na rangi.

Nchini Uingereza kosa la namna hii lilihesabiwa. Desemba 2008 chombo cha taifa cha usalama wa wagonjwa cha nchi hiyo kilitoa tahadhari baada ya kupokea, katika kipindi cha miaka minne, taarifa zinazokaribia 500 za midazolam iliyoandikwa au kutolewa kwa kipimo kisichofaa, matatu kati ya matukio hayo yakiishia kwa vifo. Hatua iliyochukuliwa inastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayeagiza dawa za hospitali. Waingereza hawakuishia kuwahimiza wauguzi kuwa waangalifu. Waliagiza ampuli zenye mkolezo mkubwa ziondolewe kwenye maeneo ya kawaida na kubakizwa tu pale zinapohitajika kweli, kama vile vyumba vya wagonjwa mahututi, na maeneo mengine yatumie ile ya miligramu 1 kwa mililita. Baadaye kosa hilo likaingizwa kwenye orodha ya matukio ambayo huduma ya afya ya England inayahesabu kuwa hayapaswi kutokea kamwe.

Funzo kwa Bohari ya Dawa (MSD), kwa wafamasia wa mikoa na kwa kamati za dawa za hospitali liko wazi. Usalama wa sindano ya usiku wa manane huamuliwa kwa sehemu kubwa miezi kadhaa kabla, siku oda inapojazwa. Hospitali inayopokea ampuli ya mkolezo mmoja mwezi huu na ya mkolezo mwingine mwezi ujao inamtegea muuguzi wake mtego. Pale ambapo mabadiliko hayaepukiki, kwa kuwa soko la dawa lina mambo yake, tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kabati na kusomwa kwa sauti wakati wa kupokezana zamu halina gharama.

Iwapo kilichopo ni ampuli kali pekee, njia iliyozoeleka ni kuizimua kabla ya kuitumia. Miligramu 15 zilizo ndani ya mililita 3 zikiongezewa mililita 12 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hutoa mililita 15 zenye miligramu 1 kila moja, na hapo mililita na miligramu huwa kitu kimoja. Diazepam haivumilii utaratibu huo. Haiyeyuki vizuri katika maji, na ikichanganywa ovyo na dripu au na dawa nyingine ndani ya bomba moja, huganda na kuwa ukungu mweupe. Hutolewa kama ilivyo, polepole, kwenye mshipa mkubwa.

Ketamine ina mtego wake. Kichupa kinachotumika sana kina mililita 10, na kila mililita ina miligramu 50, hivyo ndani yake mna miligramu 500. Mtoto wa kilo 10 anayepewa dawa hiyo kupitia mshipa kwa kipimo cha miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo anahitaji miligramu 10 hadi 20, ambazo ni mililita 0.2 hadi 0.4. Kwa maneno mengine, kichupa kimoja kina dozi zinazowatosha watoto 25 au zaidi. Kipimo kidogo hivyo hakisomeki kwa uhakika kwenye bomba la mililita 10. Kinahitaji bomba la mililita 1, au dawa izimuliwe kwanza. Uzito wa mtoto nao haukisiwi kwa macho. Mizani ya wodi ni sehemu ya maandalizi ya sindano sawa na ampuli yenyewe.

Baada ya hesabu huja usomaji wa lebo, na hapa kesi moja ya nchini Marekani imezungumzwa na wauguzi wa mataifa mengi. Tarehe 26 Desemba 2017, katika hospitali moja ya jiji la Nashville, jimbo la Tennessee, mama wa miaka 75 alipelekwa kupigwa picha za uchunguzi. Alikuwa na hofu ya kuingia kwenye mashine, na daktari akaagiza apewe midazolam. Muuguzi aliitafuta kwenye kabati la kielektroniki kwa jina la kibiashara, Versed, akaandika herufi mbili za mwanzo. Kabati lilikuwa limepangwa kwa majina halisi ya dawa, hivyo halikuileta. Akatumia njia ya kuvuka kizuizi inayokusudiwa dharura, akachukua dawa iliyojitokeza kwa herufi hizohizo. Ilikuwa vecuronium, dawa inayolegeza misuli yote ya mwili, ikiwemo ya kupumulia, bila kuondoa fahamu.

Dalili za kosa zilikuwepo mkononi mwake. Midazolam ni kimiminika, lakini aliyoichukua ilikuwa unga uliohitaji kuyeyushwa. Kwenye kifuniko cha kichupa kulikuwa na onyo kuwa dawa hiyo inapoozesha. Baada ya sindano, mgonjwa aliachwa akisubiri kipimo bila mtu wala kifaa cha kufuatilia pumzi yake. Alifariki siku iliyofuata. Machi 2022 baraza la mahakama lilimtia muuguzi huyo hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na Mei mwaka huo akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu chini ya uangalizi.

Wapo waliosoma kesi hiyo kama habari ya uzembe wa mtu mmoja, na ni kweli kwamba hatua za msingi zilirukwa. Hata hivyo ukiichambua utaona kosa lilipita katika milango mingi iliyoachwa wazi: jina la kibiashara badala ya jina halisi la dawa, dawa ya kulegeza misuli kupatikana mahali isipohitajika, kukosekana kwa mtu wa pili wa kuhakiki, na mgonjwa aliyetulizwa kutofuatiliwa. Hospitali nyingi za Tanzania hazina makabati ya kielektroniki. Zina kabati la kufuli mbili na trei za ampuli. Milango ile ile ipo. Ampuli za kioo za dawa tofauti hufanana mno zikiwa kwenye trei moja, na mwanga wa wodini usiku ni hafifu. Dawa za kulegeza misuli hazina sababu ya kulala trei moja na za kutuliza.

Utaratibu unaofundishwa vyuoni ni kusoma lebo mara tatu: wakati wa kuitoa dawa kabatini, wakati wa kuivuta, na kabla ya kuitupa ampuli. Kinachosomwa ni jina la dawa, mkolezo, tarehe ya mwisho wa matumizi na hali ya kimiminika. Kisha hulinganishwa na maandishi ya daktari kwenye faili, pamoja na jina la mgonjwa, ambalo mgonjwa mwenyewe huulizwa alitaje. Kumuuliza “Wewe ndiye Juma?” hakutoshi, kwani mgonjwa aliyechoka hujibu ndiyo kwa jina lolote. Agizo la mdomo, ambalo haliepukiki katika dharura, hurudiwa kwa sauti na muuguzi likiwa na jina la dawa na idadi ya miligramu, daktari alithibitishe, kisha liandikwe mara hali inapotulia. Agizo la “mpe ampuli moja” halifai kupokelewa, kwa kuwa ampuli si kipimo.

Muuguzi wa pili anayehakiki ana kazi yake. Hatakiwi kuonyeshwa jibu na kuitikia. Anatakiwa apige hesabu peke yake, kisha majibu mawili yalinganishwe. Hilo ni rahisi kuandikwa kwenye mwongozo kuliko kutekelezwa katika wodi yenye muuguzi mmoja usiku. Upungufu wa watumishi umekuwa ukikiriwa na Serikali kila inapotangaza ajira mpya za kada ya afya. Wakati ajira hizo zikiendelea, hospitali inaweza kuamua kwamba sindano za kutuliza zisizo za dharura zipangwe mchana, na za usiku zihakikiwe na tabibu wa zamu au muuguzi wa wodi jirani. Ni uamuzi wa ndani, hausubiri kibali cha mtu.

Dawa iliyokwisha kuvutwa ndani ya bomba hubandikwa lebo hapohapo, yenye jina, mkolezo, saa na jina la aliyeiandaa. Viwango vya kimataifa vimeweka hata rangi: kwa mujibu wa kiwango cha ISO 26825, lebo za kundi la midazolam na diazepam ni za rangi ya chungwa, za kulazia usingizi ni za njano, na za kulegeza misuli ni nyekundu inayong’aa. Pasipo na lebo za rangi, plasta na kalamu vinatosha. Bomba lisilo na lebo lililokutwa kwenye trei hutupwa, hata kama aliyeliacha anakumbuka kwa kiapo kilichomo.

Usafi wa maandalizi unajulikana na wauguzi wote: mikono iliyonawiwa, meza safi mbali na kelele, mfuniko wa kichupa kusuguliwa kwa spiriti na kuachwa ukauke, bomba moja na sindano moja kwa mgonjwa mmoja. Matokeo ya kuupuuza yalionekana Las Vegas, Marekani, mwaka 2008, pale zaidi ya watu 40,000 walipotakiwa kwenda kupimwa virusi baada ya kubainika kuwa katika kliniki za uchunguzi wa tumbo vichupa vya propofol vya mgonjwa mmoja vilitumika kwa wagonjwa kadhaa, na mabomba yaliyokwisha kutumika yalirudishwa ndani ya vichupa hivyo. Wagonjwa waliokwenda kwa kipimo cha saa moja walirudi na homa ya ini aina ya C. Propofol ina mafuta ndani yake na vijidudu hustawi humo haraka, hivyo kichupa kilichofunguliwa hakihifadhiwi kwa ajili ya kesho, hata dawa ikiwa adimu kiasi gani.

Sindano yenyewe, ikishafika kitandani, inadai mwendo wa polepole. Midazolam kwa mshipa hutolewa kidogo kidogo, na baada ya kila kiasi husubiriwa angalau dakika mbili kuona dawa imefika wapi kabla ya kuongeza. Kwa mtu mzima mwenye afya kiasi cha kuanzia huwa miligramu 2 hadi 2.5, kwa aliyevuka miaka 60, au mdhaifu, hushushwa hadi miligramu 0.5 au 1. Diazepam haizidi miligramu 5 kwa dakika kwa mtu mzima. Anayesukuma kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu anaweza kumaliza pumzi ya mgonjwa kwa dozi iliyo sahihi kabisa. Aliyepewa tayari morphine au pethidine, au aliyefika akinuka pombe, hupewa kiasi kidogo zaidi, kwa maana dawa hizo huzidishiana nguvu.

Diazepam kwenye msuli ni mazoea ya zamani yasiyo na faida kubwa. Huingia mwilini polepole na bila mpangilio, na muuguzi anayeona degedege halikatiki huongeza ya pili, kisha zote mbili huamka kwa pamoja. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2012 kuhusu wagonjwa wa degedege nje ya hospitali ulionyesha kuwa midazolam ya msuli haikuwa dhaifu kuliko lorazepam ya mshipa, na kwa mtoto asiyepatikana mshipa, diazepam kupitia njia ya haja kubwa bado ni msaada unaofahamika hata katika zahanati.

Wodi za afya ya akili zina mazingira yake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mgonjwa wa akili kuwa mtu mwenye haki za matibabu na ulinzi, na sindano ya kumtuliza kwa nguvu haipaswi kuwa jambo la kwanza. Maneno ya upole, chumba tulivu na kumpunguzia watazamaji hutangulia. Ikibidi sindano, wanaomshika wasimlaze kifudifudi na kumkalia mgongoni, kwani hivyo wanabana kifua ambacho dawa nayo inakuja kukipunguzia nguvu. Chlorpromazine ya sindano huweza kushusha shinikizo la damu ghafla. Mgonjwa aliyepewa haruhusiwi kuinuka ghafla kitandani. Na mgonjwa aliyenyamaza baada ya sindano ndiye anayehitaji kutazamwa zaidi, ingawa katika wodi yenye shughuli nyingi hali ya kawaida ni kushukuru kwamba amelala na kumhamia mwingine.

Kufuatilia ndiko sehemu inayosahaulika kuliko zote, labda kwa sababu hakuna cha kushika mkononi. Kabla ya sindano kuingia, kando ya kitanda panatakiwa kuwepo oksijeni iliyojaribiwa, mpira wa kusukumia hewa na kinyago kinachomtosha mgonjwa huyo, mashine ya kunyonya makohozi, na mtu mmoja ambaye kazi yake kwa muda huo ni kumwangalia mgonjwa tu. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, anaangalia kifua kinavyopanda, anasikiliza mkoromo unaoashiria ulimi umerudi nyuma, anamwita mgonjwa kwa jina. Pumzi zikishuka chini ya 10 kwa dakika kwa mtu mzima, hasubiri kengele ya mashine.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kimeokoa maisha ya wengi, na tangu 2008 kimo kwenye orodha ya hakiki ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Lakini kina udhaifu unaowahusu Waafrika moja kwa moja. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa watafiti wa Michigan uliobaini kuwa, miongoni mwa wagonjwa ambao kifaa kilisoma kati ya asilimia 92 na 96, kipimo cha damu kilionyesha upungufu mkubwa wa oksijeni kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya wazungu. Kwa muuguzi wa Tabora au Lindi maana yake ni kwamba namba ya 93 kwenye kifaa si ya kustareheka nayo. Aidha, mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kuendelea kuonyesha namba nzuri kwa dakika kadhaa ilhali pumzi zake zimekwisha kupungua. Kifua hutangulia kusema kabla ya kidole.

Ipo dawa inayokata nguvu za midazolam na diazepam, nayo ni flumazenil. Si ya kuifanya kinga ya uzembe. Nguvu yake huisha mapema kuliko ya dawa inayoikata, hivyo mgonjwa aliyezinduka na kuzungumza anaweza kuzama tena usingizini ndugu zake wakiwa wanamvalisha viatu. Na kwa aliyezoea kutumia diazepam kwa muda mrefu huweza kuleta degedege. Tiba ya kwanza ya pumzi iliyopungua inabaki kuwa kufungua njia ya hewa na kumsukumia mgonjwa hewa kwa mkono, ujuzi ambao hupotea usipofanyiwa mazoezi.

Diazepam na midazolam zimo pia kwenye Jedwali la Nne la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Ndiyo sababu ya kufuli, daftari la salio, na kiasi kilichobaki kwenye ampuli kumwagwa mbele ya shahidi. Watumishi wengi huliona daftari hilo kama jambo la polisi. Lina faida nyingine: salio lisilolingana asubuhi mara nyingi ndilo humfichua mgonjwa aliyepewa zaidi usiku, wakati bado anaweza kusaidiwa.

Makosa yanayofichuliwa yanapaswa kwenda mahali. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo mwaka 2018 ikiwa bado TFDA ilitambuliwa na WHO kuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ubora wa udhibiti, hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka vituo vyote nchini. Taarifa hizo hazitaandikwa iwapo muuguzi anajua kwamba fomu aliyoijaza itageuka hati ya mashtaka. Baada ya hukumu ya Tennessee, vyama vya wauguzi nchini Marekani vilionya kuwa woga utawafanya watu wafiche makosa, na mwaka 2024 jimbo jirani la Kentucky likapitisha sheria inayowakinga watoa huduma dhidi ya mashtaka ya jinai kwa makosa ya kawaida ya kikazi, isipokuwa uzembe uliokithiri na makusudi. Tanzania inalo Baraza la Uuguzi na Ukunga lenye mamlaka ya nidhamu chini ya sheria ya mwaka 2010, na mpaka kati ya kosa la kibinadamu na uzembe wa kupindukia unaweza kuwekwa wazi na wanataaluma wenyewe kabla haujalazimishwa na kesi.

Mgonjwa aliyetulizwa kwa ajili ya kipimo na kuruhusiwa siku hiyohiyo haondoki kwa sababu tu amefumbua macho. Anatakiwa aweze kukaa, kutaja mahali alipo, kunywa maji bila kupaliwa, na kutembea bila kushikwa kama alivyokuwa akitembea alipokuja. Anaondoka na mtu mzima. Ndugu huyo huelezwa kwa lugha nyepesi kwamba kwa saa 24 mgonjwa asiendeshe pikipiki wala gari, asikae peke yake jikoni penye moto, asinywe pombe, asitie saini karatasi yoyote ya mali, na akilala usiku aamshwe mara moja au mbili kuona kama anaitika. Maelezo anayopewa mgonjwa mwenyewe wakati huo hatayakumbuka asubuhi, kwa kuwa midazolam hufuta kumbukumbu za saa hizo. Yaandikwe kwenye cheti, pamoja na jina la dawa, saa iliyotolewa na namba ya simu ya wodi.